Amri ya Kusimama Niliiandika Mimi

Tabora, Jumapili

Mdogo wangu Koku,

Salamu zangu zikufikie hapo Buganguzi, wewe na nyumba yako yote. Kifua cha shemeji kimetulia? Migomba imeinuka tangu ule upepo? Mimi bado nipo, ila nguvu zimekwisha. Kila baada ya mistari michache naweka kalamu chini nipumzike, kwa hiyo usishangae mwandiko ukiyumba.

Barua yako ilinifurahisha, kisha ikaniumiza. Kijiji kimekuchagua usimamie duka la ushirika, nawe unaniomba kanuni za kampuni yetu ya zamani, ile ya maduka ya bei rahisi. Unasema umeshamkanya muuzaji mwenzako, Mama Adela, asikae wakati wa kazi. Ulimwambia, "Kaka yangu alisimamia duka kubwa Bukoba, na hakuna aliyekaa."

Koku, kabla hujamkanya tena, nisikilize.

Unakumbuka miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Watu walitembea kutoka Kanazi, wengine wakapanda lori kutoka Ngenge, kwa sababu sabuni, chumvi na shuka zetu zilikuwa rahisi kuliko za mtu yeyote mjini. Nilijivuna. Sikujiuliza urahisi ule ulitoka wapi, ingawa niliuona kila siku: nyinyi wanawake wanane mmesimama tangu asubuhi hadi jioni, hakuna kiti, vibarua watupu, mnaachishwa na kuandikwa upya ili msifikie kuwa wa kudumu. Mkono uliowaachisha na kuwaandika upya ulikuwa huu.

Kilichowaokoa ni magoti. Akiingia mzee, mlipiga magoti nyuma ya kaunta kama tulivyolelewa, kikabaki kichwa tu kinaonekana. "Kampire waitu!" Ndivyo mlivyomwamkia, mkauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Wazee walipenda sana. Bibi mmoja wa Kanazi aliniambia, "Meneja, huyu mrefu ananiamkia vizuri kuliko wakwe zangu wote. Nionyeshe kwao, nina kijana."

"Ameshaolewa, mama. Ni mdogo wangu."

"Basi umenichelewesha!"

Siku moja, nikiwa stoo, nilimsikia Paskazia akikunong'oneza, "Wazee leo wamekwenda wapi? Miguu yangu inakufa."

"Mwamkie yule," ukamjibu.

"Yule si mzee, ni rika langu!"

"Ana mvi mbili. Piga magoti, upumzike."

Nikaelewa. Ningeweza kucheka nikanyamaza. Lakini wiki hiyo hiyo alikuja mkaguzi kutoka Mwanza, akaniuliza kwa nini wauzaji wanapotea nyuma ya kaunta na foleni imefika mlangoni. Jibu la kweli lilikuwa fupi: wamechoka, tuleteeni viti. Mimi nikasema, "Nitarekebisha." Nikaketi ofisini, nikapiga chapa: "Kuanzia leo wateja wote wataamkiwa kwa kusimama." Nikaisambaza kwenye matawi yote yaliyokuwa chini yangu, hata Muleba. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka tu mkaguzi yule akanisifu huko atokako.

Ulikuwa na mimba ya miezi saba. Ulikuja mlangoni pangu ukasema, "Kaka, nikae hata juu ya kreti, dakika chache." Nikakujibu bila kuinua macho, "Amri imetoka Mwanza, si yangu." Ukarudi kaunta.

Mtoto alipozaliwa amekufa, wewe ndiye uliyenifariji mimi. "Ungefanyaje, kaka? Nawe wanakutuma tu." Daktari alisema mambo hayo humpata hata anayelala siku nzima. Huenda. Sijui, na sitajua. Ninalojua ni kwamba uliomba kukaa, na aliyekukatalia ni mimi. Miaka yote hii umenitetea kwa watu kwa uongo nilioutunga mwenyewe.

Nimeungama kwa padre. Alinipa kitubio, nikakitimiza, lakini si yeye aliyesimama siku zile.

Kwa hiyo kanuni sikutumii. Zilikuwa sandukuni hadi juzi, nimezichana. Weka benchi nyuma ya kaunta, refu la kutosha watu wawili, na wanakamati wakiuliza, waambie ukweli wote. Siombi unisamehe upesi. Ukikasirika, kasirika, ni haki yako. Nilichelewa kusema kwa sababu niliogopa kukupoteza, na sasa naogopa zaidi kuondoka ukiwa unawafanyia wenzako nilichokufanyia wewe.

Msalimie shemeji. Msomee barua hii yote, kwa maana yule mtoto alikuwa wake pia. Msalimie shangazi yetu aliyebaki, na Paskazia mkikutana kanisani. Na Mama Adela mwambie hivi: yule kaka niliyemsifu alikosea. Mwambie akae.

Ni mimi kaka yako,
Ishengoma