Walidhani Ni Damu

Jumatano, mwezi wa saba, 1964. Kambi ya barabara, karibu na Ntimaru. Manyunyu tangu alfajiri. Mdomo wangu umevimba, hata chai hainywiki.

Leo nimepigwa karibu kufa kwa sababu ya matunda ya porini.

Kazi yetu ni kufyeka vichaka ili barabara ipite. Kichaka cha leo kilikuwa cha ile miiba inayotambaa, yenye matunda madogo meusi ya chembechembe. Kwetu Murang'a tuliyachuma utotoni tukichunga mbuzi. Nilikuwa na njaa, na nyumbani kulinijia ghafla. Nikaweka panga chini, nikaingia, nikala kwa mikono miwili. Maji yake mekundu yakachuruzika hadi viwikoni. Miiba ikanichana uso na mikono, sikujali.

Sikujua kwamba asubuhi hiyo ng'ombe wa wenyeji walikuwa wameibwa, naye mchungaji wao amekatwakatwa. Sehemu hizi, yowe likipigwa, kila mwanamume hushika silaha na kufuata alama za kwato. Na kwato zilipita palepale.

Waliponiona nikitoka kichakani, mgeni, nimechanika, mikono myekundu, hawakuuliza jina. Rungu la kwanza lilinipata mdomoni. Nikaanguka. Wakapiga mgongo, magoti, vidole.

"Ng'ombe wako wapi, mwizi wewe?"

Nilipapasa nyasi nikitafuta panga langu. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia: kama ningelipata, ningemkata yeyote aliyekuwa karibu. Nilitaka kuua. Mmoja wao, mzee mwembamba, alikuwa ameshainua mkuki.

Aliyeniokoa ni Otieno, mwenzangu wa kazi kutoka Homa Bay, ambaye kila siku hunicheka kwamba nakula chakula cha ndege. Alijitupa juu yangu, akaushika mkono wangu, akaanza kulamba vidole vyangu mbele yao.

"Damu gani tamu hivi?" akapiga kelele. "Mzee, onja! Onja kwanza, ndipo umuue!"

Mzee akainama, akanusa. Akalamba. Akatema mate.

"Huyu ni mlafi tu," akawaambia wenzake.

Wakatimka kufuata zile kwato. Hakuna aliyesema pole.

Otieno alinibeba hadi kambini, akicheka. "Omera, ndugu yangu, siku nyingine kula ugali kama watu."

Meno mawili yamekwenda. Nimesugua mikono kwa sabuni na mchanga. Rangi haitoki.

Jioni msimamizi ametuletea habari. Wamempata mtu ng'ambo ya mto, peke yake, naye si wa huku. Wamemuua. Ng'ombe bado hawajaonekana.

Kesho tunarudi kumaliza kichaka kile. Nitakwenda, nitafanya nini? Lakini nikifumba macho namwona yule mtu, ambaye hakuwa na Otieno wake.

Mikono yake ilikuwa na nini?