Tundu la Upande Wangu

3 Machi

Dada, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima. Nimelifufua lile gari la baba la kulala safarini. Paa bado linainuka, ila wavu wa mbu kwenye turubai lake umeoza, nimeung'oa. Wewe ndiye fundi turubai, nishonee mwingine. Upana sentimita 90, kimo 41.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Mgongo upo, unanisumbua tu. Mwaka mzima kimya, ukiandika unaleta vipimo, tena vya uongo! Hiyo 41 umepima paa likiwa limeinuka nusu. Lisukume mpaka vyuma vilie mara mbili, ndipo upime. Itatoka 58. Nilikuwa napapima kwa mkono wangu kila safari, tumelala wawili juu, ndani ya paa, mvua inagonga turubai, visigino vyako ubavuni mwangu.

Nakumbuka pia safari niliyoachwa. Siku kumi na nne. Baba alikuta tundu kwenye wavu, upande wangu, akauliza mwenye mkasi humu ndani ni nani. Nikalishonea kiraka, na bado nikaachwa. Nina miaka hamsini na mbili, na jibu langu ni lilelile: si mimi niliyelitoboa.

Dada yako

2 Juni

Dada, shikamoo. Natumaini u mzima. Ni 58 kamili.

Barua yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu. Nilitoboa mimi, kwa wembe wa kuchongea penseli. Nilitaka kuona nyota bila ile miraba midogo ya wavu. Nikanyamaza, nikiogopa kuachwa. Safari ile nililala juu peke yangu. Palikuwa papana mno.

Kiraka chako ninacho, nimekikata kwenye wavu uliooza. Uzi wa bluu, mishono 31.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu, marahaba. Mishono ni 32. Wa mwisho uko chini ya fundo. Kiraka hicho ole wako ukikitupa.

Nilikukasirikia siku tatu, ya nne nikakata kitambaa. Wavu huu hapa. Anza kuukaza katikati, ndipo uende pembeni, la sivyo utajikunja. Upande wako nimeweka kidirisha cha zipu. Ukitaka nyota, fungua. Mbu wakiingia, safari hii utajieleza mwenyewe.

Upande wangu usiweke chochote, nitalala mimi. Nafunga karakana yangu kuanzia Jumamosi, siku kumi na nne.

Dada yako