Kufuli kwa Geti la Bwawa

Ciku, nimekosa pa kuweka uso. Mama mkwe ametuaibisha.

Miezi sita amesoma darasa la ubatizo. Alhamisi Mzee Mulwa wa kanisa akamuuliza mbele ya wote, ubatizo ni nini? Akajibu, "Ni kumzika mtu wa zamani."

Mzee akamwambia, "Wako bado anatembea. Hujamsamehe dada yako. Hauko tayari."

Mbele ya wote, Ciku. Na huyo dada aliyemnyang'anya shamba akapitishwa abatizwe.

Sasa na hiki kiangazi, bwawa lenye maji ni la mama pekee. Leo watu wa kanisa wamefika kubatizia hapo, na kanzu nyeupe, wakiimba, dada akiwa mbele. Geti lina kufuli.

Mama amekaa kwa kiti, anakunywa chai, anawaangalia.

"Mzee Mulwa," akasema polepole, "hata maji hayako tayari."