Moshi wa Watu Watano

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Habari za huko? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisengenya nikisimama.

Jiandae kuwa binti wa mtu mashuhuri. Watu wa majiko wamepima kuni mtaa mzima na nyumba yangu imekuwa ya kwanza, kilo kumi na mbili kwa siku. Nimepewa na cheti.

Haya, cheti hakuna. Wala hayakuwa mashindano. Alikuja mpimaji mwenye mizani ya kuning'iniza, siku nne mfululizo, leo anapima rundo, kesho anapima kilichobaki. Anasema lazima wajue tunachoma kiasi gani kwenye mafiga kabla ya kugawa majiko mapya, ili baadaye wajue moshi umepungua kiasi gani, maana kuna matajiri wa mbali wanaununua huo upungufu. Nikamuuliza ni mwendawazimu gani ananunua moshi ambao haupo. Akasema karatasi zinakwenda ofisini, nikajua ni kwako.

Nikamuuliza pia, namba ikiwa ya ajabu mnafanyaje? Akasema zamani mtu wa ofisi alikuwa akija mwenyewe kupima upya.

Basi nimefagia chumba chako.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha. Magoti uyapake ile dawa niliyotuma, usiwagawie majirani.

Nimeiona nyumba namba kumi na saba. Sahihi yako ina mkia kama wa panya, siwezi kuikosa. Watu watano, kilo kumi na mbili. Hapa hakuna aliyeshtuka, kwa watu watano ni kawaida kabisa. Nimeshtuka mimi peke yangu. Baba, hao watano ni akina nani? Mama ana miaka mitatu kaburini, kaka zangu wawili wako kwao, mimi niko hapa.

Tunatengeneza kiwango kimoja cha nchi nzima, kwamba mtu mmoja huchoma kuni kiasi hiki kwa mwaka. Kila mradi wa majiko utatumia hicho hicho, hakuna tena kupima nyumba kwa nyumba, wala hakuna anayetumwa kurudia. Nyumba zilizopimwa ni chache, kwa hiyo uongo wa moja unaonekana kwenye kiwango cha wote. Tutakuwa tunauza moshi wa watu wasiokuwepo.

Niandikie ukweli kwa sahihi yako kabla ya mwisho wa Aprili.

Mwanao

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki nne sijapata neno. Kama umekasirika, kasirika kwa barua. Hesabu inafungwa tarehe thelathini, na mimi siwezi kuisaini hivi.

Mwanao

25 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba. Sijakasirika, na magoti ni yale yale.

Futa. Nyumba namba kumi na saba ina mtu mmoja, anachoma kilo tatu, na moja kati ya hizo ni ya kuota moto tu. Karatasi yenye sahihi iko humu, mkia na yote.

Ujanja wangu ulikuwa nichome kuni mpaka namba iwe ya wazimu, uje kupima. Mpimaji akauliza, "Mzee, wanaokula hapa ni wangapi?" Nilitaka kusema mmoja. Kinywa kikasema watano. Akaandika. Nikaona haya kujisahihisha, nikatoa sufuria kubwa la mama yako, na siku zote nne nikapakua sahani tano. Usiniite mgonjwa wa akili, najua nani yuko kaburini na nani yuko ofisini. Kuku wa jirani wamenenepa, siku hizi wananisalimia wa kwanza.

Nilinyamaza kwa sababu ukifuta, hata kwenye karatasi hatuko tena pamoja.

Hicho kiwango chenu sikipingi. Ila mama yako alitumia kuni kwa kubana kuliko wanawake wote wa mtaa huu, na akalizwa na moshi miaka thelathini. Sijui hilo mnaliandika wapi.

Sasa jambo dogo. Ulipokuwa darasa la tano, zamu yako ya kuni ilifika ukajifanya umeteguka mguu. Nilikuona ukiruka kamba nyuma ya choo. Nikaenda mimi, nikabeba mzigo, na mama yako sikumwambia. Zamu ile bado ni yako, na rundo nimelimaliza kwa upumbavu wangu. Njoo uniokotee mzigo mmoja tu. Sitaupima.

Baba yako, mtu mmoja