Hariri Ndani ya Goti

Mma Seabelo mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana niko njia panda na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mcheza ngoma wa Molepolole, na tangu utotoni nafunga miguuni njuga za bibi yangu, zile za vifukofuko vya viwavi wa hariri vyenye vijiwe ndani, na mwaka huu goti lilinigeuka uwanjani, kano ya ndani ikakatika, wakanipasua kule Gaborone, wakachukua kano nyuma ya paja kuipandikiza gotini, wakaivika wavu mwembamba wa hariri ili ishikane na mfupa upesi, nami nikatia sahihi kwamba ni majaribio, huku moyoni nikicheka kwamba viwavi walionivalisha kwa nje miaka yote sasa wameingia ndani kunishona. Tangu hapo nawaota, Mma, wananong'ona gotini, wanasuka polepole kwenye mwanga mwembamba, na kila nikiamka mguu ni mwepesi kuliko jana. Ni wiki ya tisa, siumwi kabisa, daktari anasema nisubiri miezi tisa, lakini fainali ya mashindano ya ngoma ni Jumamosi, na Rra Mokwadi, kiongozi wetu, amesema nisipocheza, njuga zangu atavalishwa Kelebonye, binti wa dada yangu, basi nikamwambia nimepona. Juzi, peke yangu jikoni, nilizifunga nikacheza hatua tatu, nikawa kama naelea, na daktari sijamwambia. Nicheze?

Boikanyo

Boikanyo mwanangu, usicheze.

Ndoto yako nimeisoma mara mbili mpaka chai ikapoa. Ila nawe isome vizuri: umewaota viwavi wakiwa kazini, hujawaota wamemaliza. Nimemuuliza muuguzi wa mifupa, anasema kano iliyohamishwa huwa dhaifu zaidi wiki hizi hizi ambazo maumivu yameisha. Hariri ni kiunzi tu, mwili wako ndio unaojenga juu yake, na kama inaharakisha au la, bado wanatafuta kujua.

Hiyo siri ya jikoni imenikera. Kesho piga simu hospitali uzitaje hatua tatu zote. Ukinyamaza, wataandika habari za goti lako bila kujua ulilolitenda, na mgonjwa mwenzako atapasuliwa kwa kuamini maandishi hayo. Kisha nenda kwa Rra Mokwadi ukamwambie ulimdanganya.

Kinachokuuma ni Kelebonye, sema ukweli. Unaogopa njuga zikimkaa vizuri hatazivua. Basi Jumamosi mfunge njuga hizo wewe mwenyewe mbele ya kikundi kizima. Apandishe mguu kwenye kiti, maana wewe hupigi magoti kwa sasa, na umwambie wote wasikie: "Nakuazima hizi mpaka mashindano ya msimu ujao wa baridi, mwanangu. Zitunze."

Halafu kaa kwenye kiti hicho hicho, pamoja na waimbaji. Zikianza kulia miguuni mwake machozi yatakutoka. Yaache yatoke, ila mikono isiache kupiga makofi.