Rangi Imerudi Chupani

Mama,

Pazia la dirisha la jikoni, lile linalotazama ziwa, sasa liko wazi mchana kutwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Siku ya kumaliza msiba wanawake walisafisha nyumba, kama inavyofanyika. Walitoa magodoro nje, wakapiga deki, wakafua mapazia. Kisha mama mdogo Adela akazifikia chupa zako. Unaijua pua yake. "Nyumba ya mwalimu mzima inanuka mayai viza! Dada alikuwa anafuga nini humu?" Nilikuwa uani nasuuza masufuria. Niliporudi, bakteria wako wa zambarau walikuwa wameshateremka kwenye sinki, isipokuwa wa chupa moja aliyokuwa ndiyo kwanza ameifungua. Nilimpokonya chupa hiyo. Sikuwa na nguvu ya kufundisha baiolojia siku ile. Niliificha kabatini, nyuma ya mablanketi, bila kifuniko, nikaiacha huko. Labda niliisahau. Labda sikuthubutu kuitazama.

Ilikuwa ya mwisho. Tope walimotoka bakteria wake tulilichota Kigongo tukisubiri kivuko, wewe umekunja gauni, abiria wakituuliza kama tumepoteza pete. Sasa daraja limefunguliwa, Mama. Magari yanapita moja kwa moja hadi Busisi, hakuna anayesimama pale kusubiri.

Nilipoitoa kabatini, maji yalikuwa yamepauka kama uji mwepesi. Nilisimama nayo juu ya sinki. Kilichonizuia kumwaga ni somo lako. Ulinifundisha kwamba hawa wana njia zaidi ya moja ya kuishi. Penye mwanga na pasipo hewa wanajijengea rangi, wananasa nishati ya jua na kula asidi zinazotoka kwenye vitu vinavyooza, wala hawatoi oksijeni kama majani. Gizani, wakipata hewa, baadhi yao huiacha rangi na kupumua kama sisi. "Usiseme amekufa," ulikuwa ukisema. "Uliza kwanza anaishi kwa njia ipi."

Hospitalini sikuuliza. Pale nilijua.

Basi nikafuata utaratibu wako. Nilichukua maji yaliyooshea sato, nikayachuja kwa kitambaa, nikajaza chupa mpaka mdomoni ili hewa isipate nafasi, nikaifunga, nikaiweka dirishani. Mama mdogo alikuwa hajarudi Bukoba. Kila asubuhi alinikuta nimeinama mbele ya chupa.

"Unasubiri rubisi iive?" Akaucheka peke yake utani wake wa pombe ya ndizi.

Mimi sikucheka. Kama rangi isingerudi, mabwawa yako ya samaki ya Buswelu yangebaki na maji yale mazito uliyokuwa umeanza kuyasafisha kwa bakteria hawa, na kazi yako ingekuwa imeishia kwenye bomba la maji machafu, kwa mikono ya mdogo wako asiyejua alichofanya. Sikujua ningemwambiaje. Wala sikujua ningekaa naye vipi bila kumwambia.

Yeye ndiye aliyeona kwanza. "Wee mwalimu mdogo, njoo! Chupa yako imepaka lipstiki."

Upande ulioelekea jua palikuwa na wekundu hafifu. Ukakolea taratibu, ukawa ile zambarau yako ya juisi ya rozela. Ndipo nikamweleza: kwamba bakteria hawa wanasafisha maji ya samaki, vifaranga vya sato huwala, wanafaa shambani, na wapo wanaojaribu kuwatumia kutengeneza gesi ya haidrojeni iwe nishati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na zile nilizomwaga?"

"Zilikuwa hizi hizi, mama mdogo."

Alikaa kwenye kigoda, akafunika mdomo kwa kanga. Nilimwekea chai.

Chupa ile nimeigawa katika chupa nyingine. Mojawapo imekwenda bwawani Buswelu. Bado ni mapema kusema lolote kuhusu maji. Nyingine aliiomba mama mdogo, kwa ajili ya migomba yake. Jana asubuhi, akirudi Bukoba, aligombana kituoni na kondakta wa basi mbele ya watu, akitaka siti ya dirishani, upande wa jua. Kondakta akamwambia chupa iende kwenye buti na mizigo mingine.

"Buti la nani? Hii ni ya dada yangu!"

Akaipakata kama mtoto. Baadaye akanipigia simu, upepo ukikata sauti yake. "Tuko juu ya daraja. Naona pale uliponiambia mlichota tope. Nimeiinua kidogo, ione."

Nilikuwa jikoni. Niliketi chini nikalia, Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha nikanawa uso, nikaenda kuchuja maji ya samaki.

Pumzika sasa. Sitawaweka tena bakteria wako wote katika nyumba moja, na pazia hili, wakati kuna jua, sitalifunga.

Mwanao