Wa Mfereji Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia karoti. Mgongo hoi. Mwanafunzi wangu wa zamani wa seminari, sasa padre, katuma ujumbe: anaandaa mahubiri, anataka asili ya nomino ya Kilatini, *rivalis*. Nimestaafu, bado wananifuata mpaka Lushoto. Nikamjibu: *rivus* ni kijito. *Rivalis* ni anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Maana ya mpinzani ilikuja baadaye. Kesho asubuhi zamu yangu ya maji.

Jumanne, 4 Machi
Mfereji mkavu! Nikapanda juu. Jirani yangu Mama Zubeda, mjane, kayaelekeza maji yote kwenye miche yake ya kabichi. Zamu yake ni jioni! Nikafoka. Akasema tu, "Mwalimu, si mwezi mtukufu?" Akaendelea na jembe lake. Kwani mwezi mtukufu unahalalisha wizi?

Jumatano ya Majivu
Majivu kwenye paji, moto kifuani. Padre wetu wa hapa kahubiri msamaha. Sikutaka kusikia. Karoti zinanyauka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewahi alfajiri. Nimeziba njia ya maji ya Mama Zubeda kwa udongo na mashina ya migomba. Maji yote kwangu. Raha tupu!
Jioni maji yalipita bure, hakuja hata kubomoa kizuizi. Ananisusia. Na asuse.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee Shekiondo, msimamizi wa mfereji, kaja nyumbani. Nikamwamkia, nikaanza kushtaki. Akaninyamazisha. Kila Ramadhani wanaofunga humwagilia asubuhi, kabla jua halijawamaliza. Wasiofunga huchukua jioni. Ndivyo ilivyo tangu enzi za baba yangu.
"Mbona sikuambiwa?"
"Nani angekuambia? Wewe si wa hapa?"
Niliondoka hapa mtoto, nikarudi mwaka jana, Ramadhani imeshapita. Sikujua. Maji ya jioni aliniachia mimi, na mimi nimemkaushia miche yake karibu yote. Nimejikasirikia. Mpumbavu mwenye Kilatini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimebomoa kizuizi. Nimeng'oa miche ya kabichi kitaluni kwangu, nimempelekea Mama Zubeda. Nikaomba radhi. Hakusema amesamehe. Kasema, "Panda basi, Mwalimu, jua linakuja." Tumepanda mpaka adhuhuri.

Jumanne, 11 Machi
Saa kumi jioni. Nilikuwa natafuta jembe niende kufungua maji. Yakawa yameshafika kwenye karoti. Mama Zubeda kaniletea mwenyewe, kisha akaenda kupika futari.